Gunia Lililoandikwa Mmakonde wa Newala

Nimestaafu simu. Watu hapa Newala wananicheka nikisema hivyo, kwa sababu kustaafu ni neno la walimu na manesi, na mimi hata ndevu hazijajaa. Lakini kazi ya kushika simu kutwa na kujibu wateja nisiowaona, nimeiacha. Siku hizi anayejibu ni mdogo wangu Asha, aliyemaliza kidato cha nne na anayeandika kwa vidole gumba viwili huku anaongea na mtu mwingine. Mimi nafunga magunia na kupalilia mikorosho.

Ninyi wadogo zangu mnaokuja nyumbani kuniuliza, "Kaka Shaibu, ulianzaje kuuza mtandaoni?", mnanitesa. Mimi kuongea kunanitoa jasho. Kwa hiyo nimeandika. Elimu yangu ni darasa la saba na naandika polepole, basi na ninyi msome polepole.

La kwanza, msimwamini mtu. Mteja anakushuku wewe tapeli, na wewe mshuku yeye tapeli, na wote wawili mshukuni anayebeba mzigo. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na Mama Somoe, ambaye ameuza ming'oko pale stendi ya Newala tangu mimi sijazaliwa. Mama Somoe hukaa juu ya gunia lake kama kuku wa kuatamia. Akitaka kusimama, anasimama na gunia. Nilikaa naye msimu mzima nikijaribu kuuza, nikashindwa, kwa sababu mteja akiniuliza bei nilikuwa naangalia chini na kumjibu kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Wewe mtoto," aliniambia, "unauza au unatubu?"

Ming'oko yenyewe mnaijua. Ni vile viazi vya porini, vyembamba kama vidole, tunachimba, tunachemsha na chumvi, tunamenya huku tunapiga soga. Huku kwetu hakuna anayeshangaa akiiona. Lakini mtu wa kwetu aliyekaa Mbagala miaka mingi, akiiona picha tu kwenye simu anameza mate. Hapo ndipo ilipo biashara yote. Wengine mnadhani kuna siri, siri ni hiyo.

Niliijua kwa bahati, na bahati yenyewe ilikuja siku mbaya. Baba alikwisha kufariki, na mama akaugua moyo. Tukalala naye Mkomaindo, pale Masasi, hospitalini. Mikorosho yetu tuliiweka rehani ili apate matibabu. Mtu anakupa hela leo, msimu ukifika korosho anaokota yeye. Ukikulia huku unajua inavyouma kupita kwenye shamba lenu na kumkuta mtu mwingine ameinama chini ya mikorosho aliyoipanda babu yako, na unamsalimia.

Kitanda cha jirani alilazwa dada yake Mama Fatu. Mama Fatu ni mtu wa Newala aliyeolewa Mbagala, alikuja kumwangalia mgonjwa. Akawa anasema, Dar kuna kila kitu, lakini ming'oko hakuna, na ukiipata imeoza. Mimi niliangalia chini. Mama yangu, na pumzi ile ya kuhesabu, akasema, "Huyu mwanangu anachimba."

"Anachimba? Mbona haongei?"

"Anachimba kwa mikono, hachimbi kwa mdomo."

Mama Fatu akacheka, akachukua namba yangu, akaniingiza kwenye kundi la simu la watu wa Kusini wanaoishi Dar. Nikatuma picha ya ming'oko. Nilidhani watashangilia.

Wa kwanza kuandika aliuliza, "Huyu ni nani?" Wa pili akaandika, "Tapeli. Picha hiyo niliiona mwaka jana." Nilikuwa nimeipiga asubuhi ile. Wa tatu akataka nijipige picha nimeshika mng'oko mmoja sikioni kama simu, ili ajue ni mimi kweli. Nikaingia nyuma ya nyumba, nikajipiga, nikatuma, na nikakaa ndani bila kutoka kwa aibu. Wa nne akaandika, "Kama wewe mtu wa Newala kweli, eleza ming'oko inachemshwaje."

Nikaanza kuandika jibu. Mnajua simu inavyomwonesha mwenzako kwamba unaandika. Basi kundi zima likakaa linaona Shaibu anaandika, Shaibu anaandika. Mimi natafuta herufi. Mmoja akasema, "Anamuuliza mtu." Mwingine, "Anatunga." Nilipomaliza ikatoka: "Unaosha mchanga unatia chumvi unafunika." Wakacheka mpaka Mama Fatu akawajia juu.

"Mimi ndiye niliyemleta huyu mtoto," aliandika. "Mama yake nimemwona kitandani kwa macho yangu. Akiwatapeli, njooni mlangoni kwangu."

Ninyi mnaoanza, shikeni hilo. Mteja wa kwanza hanunui ming'oko, ananunua jina la mtu aliyekuleta. Jina hilo si lako, umeazimwa.

Sasa mambo ya kazi, niyaseme kabla sijasahau. Ming'oko ya kusafiri haioshwi. Mimi niliosha mzigo wangu wa kwanza ili ung'ae, ukafika Mbagala unanuka. Iache na udongo wake. Usitumie mfuko wa nailoni, tumia gunia linalopumua, na chini utandike majani makavu. Ukipiga picha, weka mkono wako pembeni ili mtu aone ukubwa, la sivyo atadhani umepiga mihogo kutoka mbali. Na ukiletewa ujumbe kwamba hela imeingia, usiusome ujumbe, angalia salio. Kuna mmoja alinitumia ujumbe wa hela ulioandikwa vizuri kabisa, na nukta mahali pake, halafu akapiga, "Kaka, nimekosea, nirudishie kiasi kilichozidi." Mimi kwa kuwa nasoma polepole, nilikuwa bado nausoma ujumbe wake wakati amekwisha piga mara ya pili na ya tatu kunihimiza. Nikajiuliza, mtu mwenye haki ana haraka ya nini? Nikaangalia salio. Hakukuwa na kitu. Uzito wangu wa kusoma uliniokoa siku hiyo, na ndiyo maana simcheki mtu mzito.

Biashara ikaenda. Kila wiki gunia lilishuka kutoka Newala kwa basi dogo mpaka Masasi, pale stendi wapakiaji wakalihamishia kwenye basi la Dar, na Mbagala akalipokea Mama Fatu na kuwagawia wenzake. Mama akawa anaenda kliniki bila mimi kupiga hodi kwa watu. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa faida, mengine yote baadaye.

Halafu mteja mmoja akanishauri, "Weka jina la biashara kwenye mzigo, ndivyo wanavyofanya wenzako." Nikafikiri jina. Shaibu lilionekana dogo. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika kwa herufi kubwa pande zote mbili za gunia: MMAKONDE WA NEWALA. Mama Somoe alilitazama, akauliza, "Na kabila lako linapanda basi?" Sikumwelewa. Nadhani hata yeye alisema tu.

Tangu wiki hiyo mzigo ukaanza kupungua.

Haukupungua sana. Mama Fatu alipiga simu, akasema gunia limefika limelegea juu, kama tumbo la mtu aliyefunga. Watu wawili wamekosa. Nikasema labda nilipima vibaya. Wiki iliyofuata nikajaza mpaka gunia likakataa kufungwa. Likafika limelegea. Kundini wakaanza, "Si tulisema?" Yule wa kwanza aliyeniita tapeli akarudi na furaha yake yote. Mama Fatu hakuandika kitu kundini. Alinitumia mimi peke yangu: "Shaibu mwanangu, safari hii nimetoa ya kwangu nikawapa. Safari mbili zijazo nitajaribu kuziba, ya tatu sina cha kutoa. Ya tatu likipungua nakutoa kwenye kundi, na mimi natoka."

Mkiona maneno hayo mepesi, hamjaelewa. Kundi lile ndilo lilikuwa duka langu lote. Nje ya kundi lile nilikuwa yule yule anayeangalia chini stendi. Na mama alikuwa na tarehe ya kliniki.

Nikaanza kushuku. Nilimshuku Mama Somoe, kwa sababu nilikuwa nanunua ming'oko yake na kuichanganya na yangu. Nikapima yake mbele yake, akaniangalia, akasema, "Hongera, umekua." Nilimshuku kondakta wa basi dogo, kwa sababu alikuwa ananisalimia vizuri kuliko zamani. Nilimshuku yule mteja aliyenishauri niweke jina. Nilimshuku Mama Fatu mwenyewe, naandika kwa shida lakini naandika, kwamba labda anatoa yeye halafu analalamika. Nilimshuku hata Asha, kwa kuwa alikuwa amenenepa. Sikumwambia mtu hata mmoja, aibu yangu ilinifunga mdomo, na nashukuru.

Nikatega. Kwanza nilifunga gunia kwa fundo la marehemu baba, lile alilokuwa akifungia kuni, halifunguki bila kulijua. Likafika limefungwa fundo jingine, zuri kuliko langu. Nikasema huyu mwizi ana dharau. Halafu nikasaga pilipili kavu, nikapaka ming'oko ya juu yote, nikamwandikia Mama Fatu aoshe vizuri. Akajibu, "Siku hizi unatuma na viungo?" Pilipili ilifika. Ming'oko ya juu ilikuwa imepungua kama kawaida, ila kidogo.

Sasa ilibaki gunia moja, lile la onyo. Nikaamua kulisindikiza. Nikapanda nalo basi dogo, nikakaa kiti cha nyuma likiwa miguuni, tukashuka mteremko mpaka Masasi bila mimi kusinzia. Kondakta alilishusha vizuri. Nikajisikia vibaya juu yake. Nikaingia kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya stendi, nikaagiza chai ambayo sikuinywa, nikakaa nikilitazama gunia langu likiwa katikati ya mizigo ya watu, mabegi, ndoo za korosho za kubangua, mikeka.

Akaja mpakiaji. Mtu mrefu, mkubwa kwangu kiasi cha kaka wa kwanza, fulana yake imechanika begani. Nilikuwa nimewahi kumwona lakini sikumjua. Baadaye nilijua anaitwa Damasi, Mmakua wa Lukuledi. Akapita mzigo kwa mzigo bila kugusa. Alipofika kwa langu akasimama. Akasoma kwa sauti, stendi nzima ikasikia.

"Mmakonde wa Newala! Amefika tena! Jamani, njooni, Mmakonde kaleta chakula!"

Wenzake wakacheka. Damasi akakaa juu ya ndoo, akafungua fundo la baba yangu kama anafungua kiatu chake, akachota ming'oko konzi kwa konzi mpaka kofia yake ikajaa, akalifunga gunia. Mchana kweupe. Alikuwa anapiga mluzi. Nimeona wezi, wadogo zangu, na mwizi hapigi mluzi.

Sijui miguu iliniletaje. Nilijikuta mbele yake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Una mzigo?"

"Huo."

Akalitazama gunia, akanitazama mimi toka juu mpaka chini. "Wewe ndiyo Mmakonde wa Newala? Mbona huna hata chale usoni? Nilidhani atakuja mzee mwenye nembo kama mlango uliochongwa, wamenitumia kifaranga!"

Wale wengine wakaangua kicheko. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Nikasema, na nadhani ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema stendi, "Kwa nini unafungua mizigo ya watu?"

"Mizigo ya watu?" Akasimama. Hakuwa anacheka tena, ila hakuwa na hasira pia. "Angalia hapa. Ndoo ile ya Mmwera, begi lile sijui la nani, mkeka ule. Umeona nimegusa upi? Nimegusa wa mtani wangu. Mimi Mmakua, wewe Mmakonde. Umeandika mwenyewe kwa wino mkubwa, ukaniletea mpaka mkononi kila wiki. Ungeandika jina lako ningejuaje? Nikasema huyu Mmakonde anatafuta utani. Na ulipotia pilipili nikafurahi sana. Nilijisugua macho nikalia kutwa nzima, waulize hawa. Nikasema, haya, huyu anajibu!"

"Alilia kama bibi harusi," mmoja akathibitisha.

Hapo mnaweza kuona nilivyokuwa nimeshikwa. Mtani akichukua kitu chako, ukikasirika wewe ndiye mbaya. Tangu zamani ni hivyo. Mmakua anaweza kuingia msibani kwetu, akakaa juu ya kitanda cha marehemu akadai apewe kuku, na atapewa. Sasa mimi nikasimama mbele ya watu nidai konzi ya ming'oko?

Nikatamani kuondoka. Lakini nikamkumbuka mama na tarehe yake. Nikasema kwa sauti ndogo, "Si yangu."

"Nini?"

"Ming'oko si yangu. Wenyewe wako Mbagala. Wameshalipa kwa simu. Nikishalipwa si yangu tena, natunza tu."

Damasi akaitazama kofia yake. "Si unawapelekea ndugu zako?"

"Sina ndugu Mbagala."

Mtakumbuka kwamba mzigo wa chakula unaotoka kwetu kwenda Dar, kwa kila mtu hapa, ni wa ndugu. Nani alijua mtu anaweza kuuza ming'oko kwa watu ambao hajawahi kuwaona? Mpakiaji alidhani anakula cha mtani, kumbe anakula cha mteja. Akazirudisha konzi zote ndani ya gunia, moja baada ya nyingine, taratibu, wenzake wakimtazama.

"Basi hapo umenifanya mwizi," akasema. "Na mimi si mwizi. Lete simu."

Nilisita kumpa. Nilikuwa nimesikia habari za watu wanaoomba simu stendi. Nikampa huku nimeshika kamba ya kifuniko chake. Akaniambia nifungue kundi lile, akabonyeza pa kurekodi sauti, akaongea kama anayeita abiria.

"Shikamooni watu wa Mbagala. Mimi naitwa Damasi, Mmakua wa Lukuledi, mpakiaji hapa Masasi. Ming'oko yenu nimekula mimi. Huyu kijana hana kosa ila kosa la kuzaliwa Mmakonde na kujitangaza kwenye gunia. Nilijua ni ya mtani. Kuanzia leo gunia hili likipungua, nikateni kichwa na kofia yake."

Kundi likalipuka. Kumbe nusu yao ni Wamakua, na nusu iliyobaki ni watani wao. Wakatukanana utani mpaka simu yangu ikazima. Mama Fatu aliandika neno moja tu, "Alhamdulillahi." Yule aliyeniita tapeli akaagiza mara mbili ya kawaida yake.

Je, Damasi alikuwa hajui kweli? Nimejiuliza mara nyingi nikipalilia. Mtu anayeshinda na mizigo ya watu, asijue ya biashara na ya ndugu? Sina hakika mpaka leo. Ila gunia halikupungua tena. Mama alienda kliniki yake, na baada ya misimu kadhaa ya ming'oko mikorosho yetu tuliikomboa, korosho zake naokota mwenyewe.

Jina sikulifuta. Asha alisema nilifute, tutafute la kisasa. Nilikataa. Badala yake, wiki ile iliyofuata, nilijaza gunia, na juu kabisa, kwenye fundo, nikafunga kifurushi kidogo cha karatasi, ming'oko minene niliyoichagua, nikaandika: YA MMAKUA MLAFI. Nikaona nimemaliza kesi kwa heshima.

Mama Fatu akapiga. "Gunia limejaa, mwanangu. Lakini kuna kifurushi juu kimeandikwa matusi. Hakijaguswa. Nifanyeje?"

Nikashtuka. Nikampigia Damasi, namba tulipeana pale stendi, nikidhani amekasirika, utani umekwisha. "Kaka Damasi, shikamoo. Mbona hukuchukua chako?"

"Marahaba. Chukua nini? Mmakonde kanitilia pilipili nikakaa kimya, sasa ananifungia zawadi kwa karatasi safi na kuniandikia jina? Mimi mjinga? Umetia nini humo?"

"Sijatia kitu."

"Ndivyo mnavyosemaga. Ukija Masasi ulete iliyochemshwa, na wewe ule kwanza, mimi nikikuangalia."

Kwa hiyo, wadogo zangu, mkinikuta stendi ya Masasi nimekaa juu ya magunia na mtu mrefu mwenye fulana iliyochanika, kuna bakuli la ming'oko katikati yetu na mimi natafuna peke yangu huku yeye amekunja mikono ananitazama koo, msinionee huruma. Nipo kazini. Yeye hula baada ya mimi kumeza mng'oko wa pili. Wa kwanza bado anaushuku.